"Wote" ni Akina Nani?

Mpanda gari la Kawangware, jijini Nairobi, huenda akamsikia utingo akimwambia dereva, "Wote wamelipa." Hakuna abiria amwulizaye, "Na wewe je, na dereva?" Kila mmoja ajua kuwa "wote" hapo ni abiria tu. Lakini je, yuko awezaye kusema "vyote" asisaze kitu?

Wanazuoni wa usuli-fiqhi wamelipima jambo hili tangu zamani, wakabagua *aam* na *khaas*: neno la jumla na neno mahususi. Katika Suratul-Ahqaf, upepo uliowapiga kina Aad umeelezwa kuwa ni wa kuangamiza kila kitu, kisha twaambiwa kuwa maskani yao yalibaki yakionekana. Jumla ile ina mpaka wake.

Mwaka 1901, Mwingereza Bertrand Russell aligundua fumbo zito zaidi. Tulieleze hivi: pawe na daftari la kuorodhesha madaftari yote yasiyojitaja, na hayo tu. Je, lijitaje lenyewe? Likijitaja, halistahili kuwamo. Lisipojitaja, lazima liwemo. Basi daftari hilo haliwezi kuwako. Kwa hoja ya namna hiyo, baadhi ya wanafalsafa wasema kuwa jumla yoyote utakayoifunga, kiko kitu kitakachobaki nje. Timothy Williamson wa Oxford awapinga: asemaye kuwa hakuna jumla inayokusanya kila kitu, yeye mwenyewe amekwisha kuzisemea jumla zote!

Mabishano hayo hayajesha. Lakini Kibera, si mbali na Kawangware, neno hili limegusa maisha ya watu. Wanubi, Waislamu ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles, ndio walioupa mtaa huo jina: kibra, yaani msitu. Hata hivyo, yalipoorodheshwa makabila yote ya Kenya, kwa miaka mingi wao waliandikwa chini ya "wengineo". Sensa ya 2009 ndiyo iliyowaandika kwa jina lao. Na mwaka 2017 wakapewa hati ya ardhi ya ekari 288.

Msomaji, orodha ya "wote" yenye safu ya "wengineo" yajikiri yenyewe kuwa haikuwataja wote. Hesabu ya vichwa ilitimia, lakini jina la watu halikuwamo. Kwa hiyo tukisikia "wananchi wote" au "wenyeji wote", si utovu wa adabu kuuliza: wote wepi, na ni nani aliyeandika orodha?