Dawa ya Kifafa kwa Mtu Asiye na Kifafa?

Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu ya neva ndivyo yalivyo. Hayana kidonda wala uvimbe, kwa hivyo anayeumwa huonekana mvivu.

Mjomba wangu ni mwashi. Alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, akaumia uti wa mgongo. Jeraha lilipona lakini miguu ikabaki kuwaka moto usiku kucha. Hospitalini akapewa pregabalini. Jirani mmoja akatambua kuwa ni dawa ya kifafa, basi fununu zikavuma ati mzee ana kifafa! Kwa aibu, mjomba akazitupa tembe zote. Hebu nieleze, kwani huenda hata kwenu yupo mzee kama huyo.

Uti wa mgongo una pingili za mifupa, na kati yake mna mito laini. Mto ukichomoka, njia ya neva ikiwa nyembamba kwa uzee, au mtu akianguka, neva hubanwa au kujeruhiwa. Maumivu ya kawaida ni kama kengele ya shule: kuna anayeipiga. Ya neva ni kengele ambayo waya zake zimeharibika, ikalia yenyewe. Ndiyo maana mtu huhisi moto, shoti ya umeme, sindano au ganzi, na parasetamoli mara nyingi haifui dafu.

Kumbe dawa zinazosaidia ni zile za kutuliza waya. Pregabalini na gabapentini hupunguza kalsiamu inayoingia kwenye ncha za neva, na neva hupunguza makelele. Amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona, lakini kwa kipimo kidogo, kama miligramu 10 hadi 25 usiku, huusaidia ubongo kuzima ishara za maumivu. Kwa hivyo kumeza dawa ya kifafa si kuwa na kifafa.

Hata hivyo, dawa hizi si muujiza. Mwaka wa 2012 Marekani iliidhinisha pregabalini kwa maumivu ya neva yatokanayo na jeraha la ugwe wa mgongo. Lakini utafiti wa Australia wa mwaka wa 2017, wenye wagonjwa 209 wa maumivu yashukayo mguuni kutoka kiunoni, ulionyesha kwamba haikushinda tembe bandia. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka wa 2020 ukawaambia madaktari wasiitumie kwa maumivu hayo. Basi usimpe jirani tembe zako kwa kuwa naye anaumwa mgongo!

Daktari huanza na kipimo kidogo, na nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa. Usingizi, kizunguzungu na kukauka kinywa ni mambo ya kutarajiwa. Kuchanganya na pombe ni hatari, kwani pumzi huweza kupungua. Kuacha ghafla nako ni kubaya. Hupunguzwa polepole kwa ushauri wa daktari. Na mgonjwa akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au akifa ganzi sehemu za siri, akimbizwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Mjomba alielezwa haya na mfamasia, akaanza upya. Sasa analala, ingawa miguu bado humuuma mchana. Nasi tunaosoma tuwasomee wazee wetu vikaratasi vya dawa, tuwaeleze bila kuwacheka. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aghalabu anayemfanya ayafiche ni jirani mwenye domo.