Ipi Ilitangulia? Namna ya Kulinganisha Tarehe katika Lugha ya PHP

Siku hizi mwanafunzi wa Kiswahili haishii kwenye ngeli na ushairi. Wapo wanaotayarisha tovuti za vyama vyao vya Kiswahili, fomu za kuandikisha wanachama na kurasa za kupokelea insha, na wengi wao hutumia PHP. Tumeona vyema tufafanue jambo moja linalowasumbua: namna ya kuiambia kompyuta ni tarehe ipi iliyotangulia nyingine. Jambo hili lina sura ya hesabu, lakini kwa maoni yetu nusu yake ni suala la lugha.

Tuchukue tarehe tatu anazozijua mwanafunzi yeyote hapa Rubongi, awe amekulia Tororo au amevuka mpaka kutoka Busia ya Kenya. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9/12/1961, Uganda 9/10/1962, na Kenya 12/12/1963. Ziandike hivyo ndani ya alama za kunukuu, kisha uiamuru PHP izipange. Itaanza na Kenya, ifuate Uganda, na Tanganyika iwe ya mwisho. Historia yote imegeuzwa kinyumenyume!

Sababu ni kwamba kompyuta haikuona tarehe. Iliona mfuatano wa herufi, ikaupanga kama tunavyopanga vidahizo vya kamusi, yaani alama moja moja kuanzia kushoto. Moja ya Kenya iko kabla ya tisa, basi Kenya ikapita. Uganda na Tanganyika zinalingana katika tisa, mkwaju na moja. Kisha sifuri ikaishinda mbili. Mwaka, ambao ndio wenye uzito, haukufikiwa kabisa.

Dawa ya kwanza ni kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 1961-12-09, 1962-10-09, 1963-12-12. Ndivyo hifadhidata ya MySQL inavyotunza tarehe, na hapo mpangilio wa kamusi na wa kalenda huwa kitu kimoja. Sifuri ya 09 isiachwe. Bila hiyo mwezi wa kumi utautangulia wa tisa.

Wengine hukimbilia strtotime, ambayo hugeuza maandishi kuwa hesabu ya sekunde tangu 1 Januari 1970. Hapa ndipo penye mtego. Strtotime ikikuta mkwaju hudhani inasema na Mmarekani, ambaye hutanguliza mwezi. Uhuru wa Uganda utakuwa tarehe 10 Septemba, wala hutaonywa. Ukitumia kistari, 9-10-1962, itasoma kama sisi. Anayejaribu programu yake kwa 12/12, au kwa 7/7 ambayo ni Siku ya Kiswahili Duniani, hataona kosa lolote, maana tarehe hizo husomeka vilevile kwa njia zote mbili.

Tuseme mwisho wa kupokea insha ni 9/8/2024. Mlango utabaki wazi hadi Septemba. Mwisho ukiwa 20/8/2024 mambo ni mabaya zaidi: hakuna mwezi wa 20, hivyo strtotime inarudisha false. PHP ikilinganisha false na saa ya sasa, false huwa ndogo daima, na muda huhesabiwa kuwa umekwisha. Mwanafunzi aliyelipa nauli ya bodaboda hadi Tororo mjini na kulipia intaneti ataambiwa amechelewa, hata akiwahi kwa wiki mbili.

Njia tunayoipendekeza ni DateTime::createFromFormat yenye kiolezo '!d/m/Y'. Hapo umeitajia mpangilio, haibahatishi. Alama ya mshangao huweka saa kuwa 00:00; ukiisahau, huchukua saa ya wakati ule, na tarehe mbili zilizo sawa zinaweza kuonekana tofauti. Baada ya hapo alama za < na > zinatosha. Ila tarehe 31/2 haikataliwi; husogezwa kimyakimya hadi Machi. Ikague kwanza kwa checkdate, ukikumbuka kwamba hiyo nayo hutanguliza mwezi.

Kuhusu majira ya saa, mpaka wa Busia hautusumbui. Africa/Kampala na Africa/Nairobi zote ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC. Lakini seva ikiwa imewekwa kwenye UTC, kwetu saa 8 usiku kwake bado ni jana.

Limebaki suala la lugha. Tangazo linalosema "mwisho ni Ijumaa saa 6 usiku" lina utata mara mbili. Kwanza, saa 6 ya Kiswahili, kama ile ya Kiganda, kwa kompyuta ni 00:00. Pili, Ijumaa ina usiku wa manane mara mbili, inapoanza na inapokwisha. Kiswahili kina namna nzuri ya kuondoa utata huu: usiku wa kuamkia Jumamosi. Programu nayo iandikwe hivyo hivyo. Kiolezo chetu kikisoma Ijumaa, 9/8/2024, kinatoa mwanzo wa siku hiyo, na atakayeleta insha asubuhi yake atahesabiwa amechelewa. Ongeza siku moja kwa modify('+1 day'), kisha upokee kila insha iliyofika kabla ya hapo, kwa alama ya < wala si <=.