Uteuzi wa Rafadha ya Mashua: Mfano wa Mabwawa ya Embu

Huenda msomaji akauliza: Meru na Embu, nchi za majani chai, miraa na ndengu, zina haja gani na rafadha ya mashua? Haja ipo. Mto Tana, unaopokea maji ya Mlima Kenya, umezuiwa kwa mabwawa matano upande wa kusini wa Embu. Miongoni mwayo ni Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na Kiambere, la mwaka 1988. Huko Masinga wageni hutembezwa kwa mashua za injini. Makala haya yanaeleza namna ya kuteua rafadha mpya pindi ya zamani inapochakaa, na sababu ya ile iliyofaa Mombasa kutofaa Masinga.

Rafadha, ambayo mafundi wengi huiita propela, ni kifaa chenye mapanga yanayozunguka majini na kukisukuma chombo mbele. Juu yake huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 13 x 19. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni kile tutakachokiita hatua: umbali ambao rafadha ingesogea kwa mzunguko mmoja kamili, lau ingepita katika kitu kigumu kama parafujo ipitavyo katika ubao. Hatua ndefu huleta kasi, lakini huilemea injini wakati wa kuondoka. Hatua fupi huondoa chombo upesi, ila injini inaweza kupita kiwango chake cha mizunguko.

Basi mteuzi asianzie dukani. Aanzie kwenye kijitabu cha injini. Humo ataona mizunguko inayotakiwa kwa dakika mafuta yanapofunguliwa yote. Tuseme 5,000 hadi 6,000. Kisha apakie abiria na mizigo ya kawaida, aende mahali peupe, afungue mafuta yote na asome kipimo. Kwa kawaida kila inchi ya hatua hubadilisha takriban mizunguko 200. Injini ikiishia 4,600, rafadha yenye hatua ya 19 ibadilishwe kwa yenye 15, nayo itakaribia 5,400. Ikizidi 6,000, hatua iongezwe.

Hapa ndipo mwinuko wa nchi unapohusika. Injini ya petroli huhitaji hewa, nayo hewa huwa nyepesi kadiri tupandavyo. Kwa kila mita 300, injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake. Uso wa Masinga, bwawa linapojaa, uko kama mita 1,056 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo nguvu hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kiambere liko karibu mita 700. Mashua iliyoletwa kutoka pwani na rafadha yake ileile italemewa hapa. Kupunguza hatua hakurejeshi nguvu zilizopotea. Huirudishia injini mizunguko yake ili isifanye kazi kwa kukamia. Jambo hili si la anasa, kwani bwawani mna mamba na viboko, na injini ikizimika katikati ya maji abiria wamo hatarini.

Kuhusu madini, alumini ina bei nafuu, na ikigonga kisiki hupinda yenyewe, aghalabu ikaziokoa gia. Chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi, lakini pigo lake huweza kufika kwenye gia. Mwaka 2009 ukame ulishusha maji hata uzalishaji wa umeme Masinga ukasitishwa. Maji yanaposhuka, miamba na visiki hukaribia uso. Alumini ni chaguo la busara. Aidha, meno ya kitovu cha rafadha sharti yalingane na mhimili wa injini, na kabla ya kuigusa, injini izimwe na ufunguo uondolewe.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Anayenunua rafadha asiulize tu jirani yake ametia ipi. Aulize chombo chake kinabeba nini, na kinaelea katika maji yaliyo juu kiasi gani.