Injini Ikikohoa, Usikimbilie Kununua Spea

Wakulima wengi wa skimu, kutoka Kinangop na Ol Kalou mpaka Lugari na Sotik, wanategemea motokaa kuukuu. Mara nyingi ni Land Rover au pikapu iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu, nayo ndiyo ichukuayo maziwa asubuhi, mbolea mchana na mgonjwa usiku. Motokaa hiyo ikianza kutetemeka na kukohoa, hasara si ya petroli tu. Maziwa yakichelewa njiani yakaanza kuchachuka, yatakataliwa kituoni, na jasho lako la siku nzima litamwagwa.

Kinachowatia wakulima hasara zaidi ni kubahatisha. Mtu husikia injini inakohoa, akaenda dukani akanunua plagi nne mpya. Haikupona. Akanunua koili. Haikupona. Kisha akamwita mtu wa kuchezea kabureta, na sasa injini ina magonjwa mawili. Wako mafundi ambao dawa yao ya kila ugonjwa ni kugeuza skrubu za kabureta. Usiwaruhusu kuzigusa kabla hujapima mambo tunayoeleza hapa. Kupima kwenyewe kunataka saa moja, spana ya plagi, kitambaa kikavu, na plagi moja ya zamani iliyo nzima.

Maelezo haya ni ya injini ya petroli ya zamani, yenye kabureta na distribyuta, yaani kile chombo kinachogawa umeme kwa plagi. Injini ya dizeli haina plagi za namna hii, na motokaa za siku hizi zinazoongozwa na kompyuta zina vipimo vyake. Usizijaribu kwa njia hii.

Kwanza sikiliza, ujue inasumbua wakati gani. Ikikohoa asubuhi yenye umande au baada ya mvua, kisha ikapona jua likipanda, shuku unyevu kwenye nyaya na kifuniko cha distribyuta. Zima injini, ukifute kifuniko ndani na nje, uangalie kama kina ufa mweusi mwembamba kama unywele. Umeme hupenda kupita katika ufa huo badala ya kwenda kwa plagi. Ikitetemeka inapounguruma polepole lakini ikatulia inapokimbia, huenda inavuta hewa mahali isipopaswa, kama kwenye gasketi ya manifoldi, au vali moja haifungi sawasawa. Ikienda vizuri tambarare lakini ikakohoa mlimani ikiwa na mzigo, ama petroli haifiki ya kutosha, ama cheche ni dhaifu. Na kama haisumbui mpaka ipate moto, shuku koili au kondensa.

Sasa itafute silinda iliyolala. Tia breki ya mkono na gia iwe huru. Injini ikiwa imezimwa, chomoa waya wa plagi ya kwanza, ile ya mbele karibu na feni, uuchomeke kwenye plagi yako ya zamani. Iweke plagi hiyo juu ya chuma cha injini, chuma kwa chuma, itulie vizuri. Iwe mbali na kabureta na paipu za petroli, kwa maana cheche yaweza kuwasha mvuke wa petroli. Ukinusa petroli inayovuja, acha kabisa mpaka umeziba palipovuja. Mwenzako aiwashe injini, nawe usiguse waya wala kusogeza nguo karibu na feni.

Angalia mambo mawili. Cheche ikiwa ya buluu na yenye mlio mkali, umeme unafika vizuri kwenye waya ule. Ikiwa nyembamba na ya manjano, au haionekani, umeme ni dhaifu. Kisha sikiliza mwendo. Injini ikizidi kutetemeka, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi yake. Mwendo usipobadilika hata kidogo, umempata mvivu. Zima, rudisha waya mahali pake, uende kwa silinda ya pili, mpaka uzimalize zote.

Ukishaijua silinda mvivu, na cheche yake ni nzuri, usinunue kitu bado. Hamisha. Toa plagi yake uiweke katika silinda jirani, na ya jirani uilete hapa, kisha upime tena. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu, na hapo waweza kutoa pesa bila wasiwasi. Ukibaki palepale, ubaya uko ndani ya silinda. Kama ni cheche iliyokosekana, jaribu waya wa jirani wenye urefu wa kutosha. Cheche ikirudi, waya ulikuwa umekufa. Isiporudi, tazama kile kidole cha shaba ndani ya kifuniko.

Silinda mbili zikilala pamoja, jiulize kama kuna mtu aliyezigusa nyaya karibuni. Katika Land Rover ya silinda nne cheche hufuata mpango wa 1, 3, 4, 2. Fungua kifuniko, mwenzako aizungushe injini, uone rota inazunguka kuelekea upande gani, kisha uzifuate nyaya kwa upande huohuo. Nyaya zikiwa sawa na silinda zilizolala zimepakana, huenda gasketi ya kichwa cha injini imeungua katikati yao. Hiyo ni kazi ya fundi.

Plagi ulizozitoa usizifute upesi. Zipange kwa taratibu ya silinda zake uzisome. Yenye rangi ya kahawia hafifu ina afya. Nyeusi na kavu kama masizi imepata petroli nyingi mno. Iliyolowa oili inaonyesha kwamba oili inapanda, ama kwa ringi zilizolika, ama kwa vali. Iliyolowa petroli haikupata cheche. Nyeupe kama chokaa imepata moto kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu petroli ni kidogo kuliko hewa. Sasa tazama kama ugonjwa ni wa moja au wa zote. Plagi moja ikitofautiana na wenzake, sababu iko katika silinda ile. Zote zikifanana kwa ubaya, tafuta kitu kinachozihudumia zote: kabureta, chujio la hewa, petroli yenyewe au pointi.

Kwa wakulima wa nyanda za juu hili ni muhimu sana. Mashamba mengi ya Kinangop yako zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na huko uzito wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa Mombasa. Kabureta iliyopangwa pwani itatoa petroli nyingi kuliko hewa ya Kinangop inavyoweza kuchoma. Plagi zote zitakuwa nyeusi, moshi utakuwa mweusi, na injini itakohoa ingawa hakuna kilichovunjika. Hapo ndipo kabureta inapostahili kuguswa. Lakini kwanza safisha chujio la hewa, maana vumbi la barabara za murram huziba hewa na kuleta dalili zilezile. Chujio la oili la Land Rover ya zamani limwagwe tope lake, lioshwe, na lijazwe oili mpaka kwenye alama tu.

Pointi zilizo ndani ya distribyuta ziwe safi na tambarare. Katika Land Rover ya zamani nafasi yake, zikiwa zimefunguka kabisa, ni milimita 0.35 hadi 0.40. Pima kwa fila geji, si kwa kucha. Pointi zikiungua na kufanya vishimo mara kwa mara, badilisha kondensa pia, la sivyo utanunua pointi kila mwezi.

Petroli nayo ishukiwe. Fungua kikombe cha chujio chini ya pampu, injini ikiwa baridi na bila moto wala sigara karibu. Maji hukaa chini ya petroli kama ushanga; kutu hutoka tangini. Ukiogopa kwamba umeuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, dondoshea tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalokawia. Hila hiyo ilienea hata mwaka 2018 Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili isiwe na faida.

Ikiwa cheche ni nzuri na petroli ni safi, bado silinda imelala, pima nguvu ya kubana hewa. Zima swichi na utoe ufunguo. Zungusha injini polepole kwa hendeli, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie mpini, kwa maana injini ikirudi nyuma itakivunja. Katika mizunguko miwili kamili utakutana na uzito mara nne. Mara moja ukipita kwa urahisi, silinda mojawapo inavuja. Mimina kijiko cha oili ya injini katika tundu la plagi ya ile silinda mvivu, rudisha plagi, uzungushe tena. Uzito ukirudi, ringi zimelika. Usiporudi, ni vali au gasketi.

Kabla ya kukubali kufungua kichwa cha injini, mwambie fundi apime tapeti. Katika Land Rover ya petroli ya lita 2.25 nafasi yake ni milimita 0.25. Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya kufikia mwaka 2006, na risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya vali. Katika injini za zamani zenye viti laini, vali ya moshi huzama kidogo kidogo, nafasi ya tapeti ikaisha, vali ikabaki wazi na kuungua. Ukiwahi mapema, kazi ni ya spana na fila geji tu.

Usiendelee kupeleka maziwa kwa silinda tatu ukingoje msimu wa mavuno. Petroli isiyochomwa huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, mwaga oili yote na utie mpya siku hiyohiyo unapomaliza kutengeneza, kabla motokaa haijabeba mzigo tena.