Mionzi Inayochepuka na Uimara wa Mashine za Tiba ya Saratani

Kichapuzi cha chembe ni mashine inayotumia nguvu za umeme kuzipa elektroni au chembe nyingine ndogo mwendo mkubwa mno, na ingawa wengi wakisikia habari zake huikumbuka maabara ya CERN iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mgonjwa wa saratani kutoka Kibiti au visiwa vya delta ya Rufiji huikuta karibu zaidi, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ambako mashine za aina hiyo, ziitwazo Linac, zilianza kutumika mwaka 2018.

Ndani ya Linac, elektroni hugonga kipande cha tangsteni na kuzalisha eksirei ambazo sehemu tu huhitajika kwa tiba. Nyingine huchepuka na kuipiga mashine yenyewe. Kwa sababu hiyo kichwa cha mashine huzungushiwa risasi na tangsteni, metali nzito zinazofyonza eksirei, na viwango vya kimataifa hutaka mionzi inayovuja kumfikia mgonjwa nje ya mwale mkuu isizidi, kwa wastani, asilimia 0.1 ya nguvu ya mwale huo.

Kinachodhurika kwanza si chuma, bali ni mipira ya maji ya kupozea, ambayo hukakamaa na kupasuka, plastiki za kuhami nyaya, na saketi za kielektroniki, ambamo chembe moja inayopita yaweza kubadili taarifa iliyohifadhiwa. Mashine ikitumia zaidi ya volti milioni 10 au karibu na hapo, eksirei hung'oa nyutroni kutoka katika metali zile zile za kinga, na risasi haizizuii vyema, kwani nyutroni ikigonga kiini kizito hudunda bila kupoteza nguvu nyingi, ilhali ikigonga kiini cha haidrojeni, chenye uzito unaokaribia wake, hupunguza mwendo kama gololi inayogonga gololi nyingine. Ndiyo maana hutumika zege nene, yenye maji ndani yake, na plastiki iliyochanganywa na boroni, elementi inayomeza nyutroni zilizopoa. Umbali nao ni kinga, na ya gharama nafuu kuliko zote: ukiongezwa mara mbili, mionzi hubaki robo, hivyo saketi zinazoweza kuhamishwa huwekwa mbali na mwale, nyingine nje kabisa ya chumba.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania husimamia usalama wa watu dhidi ya mionzi, lakini uimara wa mashine nao ni suala la afya. Tiba ya mionzi ya nje kwa saratani ya mlango wa kizazi huchukua takriban wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na tafiti zimeonyesha kwamba matibabu yote yakizidi wiki nane, uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa hupungua kwa takriban asilimia 1 kila siku. Kwa mkulima wa mpunga aliyevuka mikoko kwa mashua na kuliacha shamba lake, mpira wa maji uliopasuka ni siku za tiba zilizopotea na gharama za malazi zilizoongezeka, na kwa hiyo mkataba wa kununua Linac usiotaja vipuri vinavyochakazwa na mionzi, pamoja na mafundi wa kuvibadilisha kabla havijaharibika, ni mkataba wenye upungufu mkubwa.