"Daktari wa Ng'ombe" Ana Kazi na Paka Wako Pia

Je, mpenzi msomaji, mara ya mwisho kumpeleka mbwa au paka wako kwa daktari ilikuwa lini? Usicheke. Najua wako watakaosema kwamba hata wao wenyewe hawajamwona daktari tangu mwaka juzi, sembuse paka! Lakini swali hili si la mzaha, na kabla hujafunua ukurasa unaofuata nakuomba unisikilize kidogo, hasa ikiwa una watoto nyumbani.

Huku kwetu Pwani, kuanzia Mtwapa na Kilifi, upite Watamu na Gede, mpaka Malindi na Mambrui, nyumba nyingi zina mnyama wake. Katika mitaa ya zamani kama Shela ya Malindi, paka ndiye mwenyeji. Hulala barazani, hufukuza panya, na samaki wakiletwa kutoka ufuoni yeye ndiye wa kwanza kulipokea kapu. Ukiingia bara, pande za Ganze, Bamba na Marafa, mbwa ndiye mlinzi wa boma na mbuzi. Na katika majumba ya kando ya bahari, mbwa hukesha langoni pamoja na soja.

Wanyama hawa wanaishi maisha tofauti kabisa, lakini wengi wao wana jambo moja lililo sawa: daktari huitwa wakati wameshalala chini na hawainuki tena. Kisha mwenyewe hulalamika kwamba daktari alichukua pesa zake na mnyama akafa.

Kwa nini tunachelewa hivyo? Kwa wengi wetu, daktari wa mifugo ni "daktari wa ng'ombe" tu. Wengine huona aibu kuingia katika kliniki wakiwa wamembeba mbwa koko asiye na kabila, wakidhani mahali pale ni pa Wazungu na mbwa wao wenye manyoya marefu. Na wengine wanazuiwa na umbali. Nauli ya kutoka Bamba hadi Kilifi mjini ni mzigo kwa mtu mwenye mtoto wa shule, na si kila matatu itakayokubali kumpakia mbwa.

Mimi siwalaumu. Nyumbani kwetu tulikuwa hivyo hivyo, mpaka siku tuliyofunzwa na mbwa aliyeitwa Tomi.

Tomi na mguu wa binamu yangu

Nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Tomi alikuwa mbwa wa kawaida, rangi ya udongo, sikio moja limekatika. Alikula makombo ya sima na vichwa vya samaki, na kila asubuhi alitusindikiza hadi njia panda ya shule. Hakuwahi kuona daktari hata siku moja.

Wiki moja akaanza kubadilika. Aliacha chakula. Akawa anajificha chini ya kitanda, kisha anatoka na kuuma nguzo ya jikoni. Sauti yake ikawa nzito kama ya mbwa mgeni. Shangazi akanituma kwenye duka moja la dawa za mifugo. Muuzaji hakuniuliza umri wa mbwa wala kama alichanjwa. Alisema, "Hayo ni minyoo," akanifungia vidonge katika kipande cha gazeti.

Tomi hakuvimeza. Jioni ile alimuuma binamu yangu kwenye ndama ya mguu.

Damu haikuwa nyingi. Mzee mmoja akaleta chumvi na pilipili, wakamsugua nayo, mtoto akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Vijana wakampiga Tomi kwa rungu, wakamfukia nyuma ya mwembe. Sote tukaona mambo yamekwisha.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, mwalimu mstaafu. Alikuja usiku na sabuni ya kipande, akaosha lile jeraha kwa maji mengi hadi tukachoka kumteka maji, kisha akamwambia shangazi kwamba kesho asubuhi mtoto asiende shule ila hospitali. Hospitali ya kwanza haikuwa na dawa. Ikabidi pesa za karo zitumike kwa safari na sindano. Binamu yangu alidungwa mara tano katika muda wa mwezi mmoja. Leo ni baba wa watoto wawili.

Je, Tomi alikuwa na kichaa cha mbwa? Mpaka leo hatujui. Hakuwa na kadi ya chanjo, hakuna daktari aliyemwona, na hakuna aliyepeleka kichwa chake maabara. Gharama yote ile, na hofu ya mwezi mzima, ingeepukika kwa sindano moja ya mbwa kila mwaka.

Ugonjwa usio na msamaha

Msomaji, kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi unaoishi katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa ndiye mwenye kuueneza zaidi kwa binadamu, lakini paka, punda, mbuzi na ng'ombe walioumwa huupata pia. Virusi hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na wakati mwingine zaidi, ndiyo maana mtu husahau kidonda kilichokwisha kupona. Lakini dalili zikianza, yaani kuogopa maji, kuweweseka na kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona.

Nchini Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa wa karibu na Nairobi. Chanjo ya kumwokoa mtu aliyeumwa ilikuwa imeshapatikana wakati huo, kwani Louis Pasteur wa Ufaransa aliitumia kwa mtoto wa miaka 9 mwezi wa Julai 1885, na mtoto yule akaishi. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba watu 4 katika kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Ni watoto kwa sababu wao ndio wanaocheza na mbwa, na tena hunyamaza wakiumwa, wakiogopa kuchapwa.

Pengine utasema mambo haya ni makubwa kuliko uwezo wetu. Basi tazama ng'ambo ya bahari, kisiwa cha Pemba. Wenyeji wa pale ni Waswahili kama wa Malindi, Waislamu wengi, na wafugaji wa mbwa ni wachache. Kwa kuchanja mbwa, kichaa kilitoweka Pemba mwaka 2014. Mwaka 2016, baada ya kampeni za chanjo kulegea, kikarudi. Watu wakaanza upya, wakachanja kwa bidii mbwa wa kijiji baada ya kijiji, na kufikia mwisho wa 2018 kikawa kimeondoka tena. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kenya nayo ilizindua mpango wake mwaka 2014, na lengo ni kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030.

Duka si kliniki

Sasa turudi kwa yule muuzaji aliyenifungia vidonge vya minyoo. Duka la dawa za mifugo lina faida yake, na katika miji midogo ndilo msaada ulio karibu. Lakini kuuza dawa ni kazi moja na kupima mgonjwa ni nyingine.

Zamani kila aliyehitimu udaktari wa mifugo alikuwa na hakika ya kuajiriwa na serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mpango huo ulikoma, na madaktari wengi wakafungua kliniki na maduka yao. Pakaingia pia watu wasio na elimu hiyo. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2011 inamtaka kila daktari wa mifugo na kila msaidizi wake awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Si utovu wa adabu kumwuliza mtu, "Samahani daktari, umesajiliwa?" Aliyesajiliwa hatakasirika.

Daktari mzuri utamjua kwa maswali yake. Atakuuliza mnyama ana umri gani, anakula nini, alichanjwa lini, tatizo lilianza siku gani. Atampima uzito na joto. Wengi wetu hushika pua ya mbwa na kusema ana homa, kumbe joto la mbwa mzima huwa kubwa kuliko letu, kama digrii 38 hadi 39. Ataangalia ufizi kama umepauka, kwa sababu kupe wa Pwani huleta maradhi ya damu. Atakagua vidole vya miguu, maana funza hawamli binadamu peke yake. Kisha atakuandikia kila kitu kwenye kadi. Asiyekuandikia kadi, mwombe.

Na wewe pia una wajibu. Usimfiche daktari dawa uliyokwisha kumpa mnyama. Wako wanaompa paka panadol wakidhani wanamsaidia. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuisafisha dawa hiyo. Wako pia wanaomwogesha paka kwa dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa. Baadhi ya dawa hizo ni sumu kwa paka, naye akijilamba humeza sumu hiyo. Na ukiona mtoto wa mbwa anaharisha damu na kutapika, usingoje hadi Jumatatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kuhusu gharama, uliza bei kabla ya kazi kuanza, tena bila haya. Ukiwa mbali, zungumza na majirani: kumwita daktari mmoja aje kijijini kuchanja mbwa ishirini ni nafuu kuliko watu ishirini kupanda matatu. Pia usiisahau kaunti yako. Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti na kutunza wanyama, pamoja na leseni za mbwa. Kwa hiyo una haki ya kwenda kwa afisa wa mifugo wa wadi yako, uwe wa Magarini au Kaloleni, umwulize siku ya chanjo ni lini. Akikwambia hakuna, nenda na majirani kumi mumwulize tena.

Dini na huruma

Nimesikia pia neno hili barazani: mbwa ni najisi, basi tumpeleke daktari wa nini? Mimi si mwanachuoni, wala sitaki kuingilia yasiyonihusu. Ni kweli kwamba kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mafunzo hayo hayo yameruhusu mbwa wa ulinzi na wa kuwinda, na yanatusimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu na kumtekea maji kwa kiatu chake. Kumchanja mbwa hakuhitaji kumkumbatia. Daktari ana glavu.

Na jirani asiyefuga mbwa naye asikae kando. Yule mbwa koko anayezurura sokoni akiumwa na mbweha wa porini, hatachagua mtoto wa nani wa kumuuma.

Ukiumwa leo

Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mbwa au paka, fanya hivi. Osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tazama saa. Usitie chumvi, pilipili wala mafuta ya taa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukamilishe sindano zote utakazopangiwa hata kidonda kikikauka. Mbwa akiweza kufungwa kwa usalama, asiuawe ovyo. Afungwe na aangaliwe na daktari wa mifugo kwa siku 10. Akibaki mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma. Lakini usingoje siku 10 ndipo uende hospitali.

Mwambie mtoto wako leo, kabla hajalala, kwamba akiumwa hatachapwa. Maneno hayo hayana gharama, na yanaweza kumwokoa.

Halafu Jumatatu, mtafute paka wako kule chini ya kabati, umtie katika kapu lenye mfuniko. Mbwa mfunge kamba. Watu wakikucheka njiani kwamba unampeleka mbwa koko hospitali, waache wacheke. Tomi naye alikuwa mbwa koko, na mpaka leo kila nipitapo penye ule mwembe hujiuliza ni nini kilichokuwa kikimsumbua. Sindano moja tu ingetuondolea swali hilo.