Je, Wajua? Kishungi Kinachosakwa Kwenye Barafu

Je, wajua kwamba ziwa likiganda nusu, ndege adimu huwa rahisi kumwona? Msimu wa baridi kali, Ziwa Ontario na Ziwa Michigan hushika barafu pembezoni, na bata hulazimika kubanana palipobaki maji: bandarini na kwenye midomo ya mito. Humo, kati ya mamia ya bata wa kawaida, mara chache sana hujitokeza bata kishungi, Aythya fuligula, mwenyeji wa Ulaya na Asia, mgeni kabisa Amerika Kaskazini.

Kumtambua kunataka subira. Dume ana mgongo mweusi tii, ubavu mweupe pe na jicho la manjano. Wanaofanana naye hutofautiana hapo hapo: mmoja ana mgongo wa kijivu, mwingine ubavu wa kijivu wenye mstari mweupe karibu na bega. Alama kuu ni kishungi kinachoning'inia kisogoni. Lakini huyu ni mzamiaji. Akiibuka, kishungi kimelowa, kimelala shingoni kama uzi. Usikate tamaa! Mngoje apumzike, upepo umpige, manyoya yapeperuke. Ukiona kishungi kifupi na mgongo uliochanganyika kijivu, huenda huyo ni chotara, na watazamaji wengi wa ndege hushusha darubini kwa huzuni.

Ndege huyu huyu hufika Kenya pia, ingawa kwa nadra, kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, ambako hakuna barafu ya kumbana.